Ukuta Uliogongwa Mara Tatu

"Ziba tu, fundi! Ziba, mwanangu, mambo ya kubomoa tusiyaanze."

Sindano alisema hayo kabla fundi mwashi hajautua mfuko wake wa vifaa. Mshonaji huyo wa zamani, mwembamba kama jina alilobandikwa mtaani, alikuwa amesukuma kitanda na kabati peke yake ili ukuta uonekane wote. Ulionekana kweli! Bomba lililopita ndani yake lilikuwa limevuja kimyakimya, rangi imetoa malengelenge, na huku chini plasta imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Ukuta huo uliigawa nyumba ya baba yao katikati. Aliujenga shemeji yake, mume wa mdogo wake Kishindo, baada ya ugomvi wa urithi, akaapa kwamba mkewe hatatia tena mguu upande wa pili. Kishindo hakutia mguu. Alitia mkono. Saruji haijakauka vizuri, akagonga ukutani. Wakapatana bila neno: kugonga mara moja, nimeamka salama, mara mbili, lala unono, mara tatu za harakaharaka, njoo mbio, nimepatikana.

Shemeji alishafariki, Mungu amrehemu pamoja na ukorofi wake, na ndugu hao sasa walitembeleana kwa kuzunguka nje. Lakini kugonga hawakuacha. Siku ya Sindano haikuanza mpaka ukuta useme.

Sasa jana Kishindo kamwambia, "Dada, jenga ukuta mpya, mnene, upumzike na kelele zangu." Sindano akaitikia "sawa" kwa mdomo, roho ikamuuma. Kumbe mdogo wangu amenichoka! Na mtu mzima ataanzaje kumweleza fundi kwamba ameng'ang'ania ukuta mbovu kwa sababu ndio unaomjulia hali?

"Mama, kuziba naweza," fundi alisema, akiuchunguza. "Nabandua iliyolegea, napiga plasta upya. Ila tofali za chini zimelika. Afadhali tubomoe tuinue tofali nene za saruji. Hata mtu akipiga tarumbeta upande wa pili, husikii kitu!"

Alitabasamu kama aliyemletea zawadi. Sindano alitamani kumchoma sindano.

"Mimi nimekula kwa viraka maisha yangu yote," alisema. "Nguo yenye kiraka inavaliwa."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama. Na huu haukuzibwa. Ngoja nikusikilizishe, panapolia kama debe tupu ujue plasta imeachana na tofali."

Akageuza nyundo, akagonga kwa mpini. Ko, ko, ko!

Upande wa pili ndoo ilianguka. Kiti kikafuata. Ndala zikapiga mbio kuzunguka nyumba, na kabla fundi hajagonga tena, mlango ulisukumwa hadi ukagonga ukuta. Alikuwa Kishindo, taulo mabegani, povu la sabuni kichwa kizima, jicho moja limefumbwa kwa kuwashwa.

"Dada! Umeanguka? Umeumia wapi?"

"Sijaanguka! Ni fundi, anapima plasta!"

Kishindo alimtazama fundi kwa hilo jicho moja lililobaki. "Wewe baba, unagonga mara tatu kwenye nyumba ya watu? Unataka kuniua?"

Fundi hakujua amekosa nini, akaomba radhi hata hivyo. Sindano alicheka mpaka akashika mbavu. Amekuja na povu! Aliyemchoka mtu haji na povu! Kishindo naye, kwa hasira na kicheko, akaupiga teke ukuta.

Ukuta ukakubali. Pande zima la plasta liliporomoka, tofali zilizolika zikafuata, vumbi likatanda. Lilipotulia, palikuwa na tundu la kupitisha mbuzi. Sindano akainama, akachungulia chumba cha mdogo wake. Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi kugusana na ukuta, na mto uliokuwa papo hapo penye unyevu ulikuwa umeota ukungu pembeni.

"Kishindo! Unalalia maji haya?"

"Nikikisogeza kitanda sikusikii," Kishindo alijibu, akitazama ndala zake. "Na wewe unagonga taratibu."

"Si ulisema nijenge ukuta mnene?"

"Nilidhani nakusumbua. Nikasema labda unaona haya kuniambia."

Sindano akapiga makofi kwa furaha. Wajinga wawili, nyumba moja!

Fundi alikohoa. "Samahani, akina mama. Kuziba hapa basi tena. Nilete tofali nene?"

"Hapana!" walisema kwa pamoja.

"Paa limeukalia ukuta huu?" Sindano aliuliza.

"Halijaukalia. Huu ni wa kugawa tu."

"Basi bomoa, fundi. Bomoa wote, na usijenge kitu!"

Fundi alitema mate viganjani, akainua nyundo kubwa. Kishindo akamshika dada yake mkono, ghafla ameingiwa na wasiwasi.

"Na asubuhi, dada, nitagonga wapi?"

Sindano alinyoosha kidole, akamgonga utosini, katikati ya povu. Mara moja.