Landrova ya Kwenda Eyasi

Wazo lilikuwa la Zipora. Alilitoa Jumapili moja mchana, mwaka 1968, uani kwa Thobias mjini Shinyanga, siku Landrova ilipowaka kwa mara ya kwanza bila kusukumwa.

Thobias alikuwa dereva wa mgodi wa Geita mpaka ulipofungwa. Alirudi Shinyanga na mke wake Serafina, mtoto wao Donatus, na mabaki ya Landrova ambayo hakuna mwingine aliyeyataka. Kwa muda mrefu watu waliopita njiani walizoea kuona miguu yake tu ikichomoza chini ya gari. Springi alizipata Kahama, radieta Mwanza. Milango hakuitafuta kabisa, kwa sababu, alisema, mlango hausaidii gari kwenda. Siku hiyo injini iliposhika na kuunguruma, majirani walitoka kuangalia. Serafina alipiga vigelegele, na Thobias akalizunguka gari lake, grisi imempanda mpaka masikioni, akimuuliza kila mtu kama anasikia vizuri au ni yeye tu anayejidanganya.

Jirani yake, Mwalimu Cornel, aliyefundisha jiografia shule ya kati, aliuliza litaenda wapi sasa. Lilikuwa swali la utani. Lakini Zipora, mkunga wa Kolandoto aliyekuwa amekuja kumsalimu Serafina, alijibu kabla ya mwenye gari.

"Eyasi," alisema. "Kwenye chumvi."

Wote walimwelewa. Zamani, baada ya mavuno, vijana wa Kisukuma walikuwa wakiondoka na punda, wakavuka mbuga na nyika kavu za mashariki mpaka ziwa Eyasi, wakarudi na mizigo ya chumvi. Aliyekwenda na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume, na wasichana walitoka kumpokea kwa nyimbo. Bujiku, baba yake Zipora, alikwenda. Zipora alikua akiziimba nyimbo zile na bibi zake, na hakuna hata wimbo mmoja uliosema ziwa lenyewe linafananaje. Siku hizi chumvi ilikuwa madukani, punda walibeba kuni, na vijana waliokwenda kule walikuwa wazee. Aliwaambia wenzake kwamba alikuwa na hamu ya kuiona njia ile kabla haijasahaulika, na kwamba hamu hiyo alikuwa nayo tangu akiwa na meno ya utoto.

Thobias alifuta mikono kwa kitambaa, akalitazama gari, akamtazama Zipora. "Mpaka kule hakuna barabara," alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Kuanzia hapo Jumapili zao zikawa za safari. Cornel alileta ramani ya shuleni na kuitandaza juu ya boneti ikiwa bado ya moto. Ilionyesha Kishapu, ikaonyesha Mwanhuzi, na baada ya Mwanhuzi ikawa karatasi nyeupe mpaka ukingo wa ziwa, na mto Sibiti umechorwa kwa vidoti, kana kwamba mchoraji mwenyewe hakuwa na hakika nao. Mtu mwingine angeogopa. Cornel aliipenda ile sehemu nyeupe kuliko ramani yote. Alikuwa akiipapasa kwa kidole huku akieleza mahali panapoweza kuwa na mchanga, mahali panapoweza kuwa na miamba, mpaka Serafina akamwomba aondoe mkono ili naye aone.

Habari zilienea. Fundi cherehani wa jirani alijitolea kuwa mpishi. Wanakwaya walitaka kwenda, ingawa hakuna aliyewaeleza ni wapi. Mwalimu mkuu wa Cornel alisema atakuja na mke wake na kiti chake cha kukunja. Thobias alilazimika kusimama mbele ya watu na kueleza kwamba gari lile linaweza kubeba watu au linaweza kubeba maji, na kwamba huko waendako mtu bila maji hana kazi. Walibaki yeye, Serafina, Cornel na Zipora, na nafasi moja mbele ambayo Zipora alikuwa anaiwekea mtu.

Mtu huyo alikuwa baba yake. Alimfuata kijijini, ng'ambo ya Kolandoto, akamkuta anakaza miiba kwenye boma la ng'ombe. Alipiga goti, akampa shikamoo, akaitikiwa, kisha akamweleza mpango wote: gari, wenzake, ramani yenye sehemu nyeupe. Alisema wanahitaji mtu anayejua njia. Mzee Bujiku alisikiliza bila kuacha kazi. Zipora alipomaliza, mzee alisema chumvi iko dukani, akachukua shoka lake, akaenda kukata miiba mingine.

Mama yake, Melania, ndiye aliyemwambia sababu. Katika safari ile Bujiku alikwenda na mdogo wake, Jilala. Wakati wa kwenda, maji yaliisha kabla hawajafika kwenye chemchemi waliyoitegemea. Jilala alilala chini ya mti wa miiba, akasema atawafuata. Walipomrudia na maji hakuwa wa kunywa tena. Walimlundikia mawe, wakaendelea, kwa kuwa punda wasingengoja. Bujiku alipofika nyumbani wasichana walikuwa njiani wanaimba, naye aliwapita na mzigo wake kichwani, akaingia ndani. Hajawahi kuusimulia mwendo ule kwa mtu, alisema Melania, na yeye mwenyewe aliusikia kwa mama mkwe wake.

Zipora alirudi mjini kichwa chini. Aliwaeleza wenzake, na Cornel akaikunja ramani taratibu. Ilionekana safari imekufa. Lakini Thobias, aliyekuwa amekaa juu ya tairi, akauliza wale vijana walikuwa na maji kiasi gani, na yalikuwa kwenye nini. Zipora alisema vibuyu, alidhani.

"Basi hilo ndilo la kushughulikia," alisema Thobias.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa majuma yaliyofuata alisema machache zaidi. Alichomelea fremu ya chuma nyuma ya gari, akafunga pipa la maji lililolala, na pembeni yake safu ya madebe yenye vifuniko. Alishona mifuko ya turubai ya kuning'iniza mbele, ili upepo wa mwendo uyapoze maji. Serafina alikaanga karanga, akakausha nyama, akajaza gunia zima la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa, akisema hivyo havijamwangusha mtu bado. Hakuna aliyetamka kwamba safari bado ipo. Walikuwa wanaiandaa tu.

Mzee Bujiku alikuja Jumapili moja kabla ya jua kukolea, amevaa koti lake la kwenda mahakamani. Hakuwa ameitwa. Thobias alitoka chini ya gari kumpa shikamoo. Mzee aliitikia, akalizunguka gari, akagonga pipa kwa vifundo vya vidole.

"Limejaa?"

"Limejaa, mzee."

"Na hili?"

"Nalo pia. Na yale kule."

Mzee alifungua kifuniko kimoja, akachovya kidole, akaonja. Alikirudisha kifuniko, akakikaza. Zipora, aliyekuwa mlangoni na Serafina, hakuthubutu kusogea. Kisha Cornel, kwa heshima, alimwomba awaelekeze walau mstari wa njia kwenye ramani. Mzee aliiangalia ile karatasi, akasema hapo haoni kitu.

"Siwezi kukueleza, mwalimu. Nikipaona nitapajua." Akamgeukia binti yake. "Mimi nitakaa wapi?"

Zipora alimwonyesha kiti cha mbele. Serafina ndiye aliyesema karibu.

Walifanya safari ya majaribio kwanza, mpaka ng'ambo ya Kishapu, kwenye mto mkavu. Gari lilishuka kwa mbwembwe, likafika katikati ya mchanga, likazama mpaka ekseli. Thobias alitia gia ya kuvuta magurudumu yote manne, likazama zaidi. Walichimba kwa jembe, wakasukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Thobias alikaa kwenye mchanga, akasema bila kumtazama mtu kwamba kama gari linashindwa hapa, karibu na nyumbani, huko mbele litakuwa kaburi la watu. Alikuwa tayari kurudi mjini, gari libebe pamba tu.

Ndipo waliposikia mtu anacheka. Alikuwa Mzee Bujiku, bado yuko kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Na punda walikuwa wanakwama hivihivi," alisema. "Tulikuwa tunawatua mizigo."

Hakuna aliyekuwa amefikiria kutua mizigo. Walishusha madebe, wakahamishia baadhi ya maji ya pipa kwenye vyombo vingine, wakashusha gunia la michembe na Mwalimu Cornel, aliyekuwa bado amekaa nyuma na ramani yake. Thobias alikumbuka namna walivyokuwa wakifanya kwenye matope ya Geita, akapunguza upepo wa matairi. Serafina alitandika magunia matupu na matawi mbele ya magurudumu. Gari lilitetemeka, likanguruma, likapanda ukingo wa pili kama mbuzi, na Thobias, aliyekuwa amekata tamaa muda mfupi uliopita, akawa anapiga honi peke yake huko juu asiweze kujizuia. Wakati wa kurudi mzee aliimba. Ilikuwa mara ya kwanza Zipora kumsikia baba yake akiimba wimbo wa chumvi, na ulikuwa na maneno ambayo wanawake hawakuwa wakiyaimba.

Waliondoka asubuhi ya baridi, Donatus wakimwacha kwa majirani. Kwaya, licha ya yote, ilikuja kuwaaga, na mwalimu mkuu aliwapa kile kiti chake cha kukunja kiende badala yake. Walipita Kishapu, wakafika Mwanhuzi, wakajaza maji hata pale pasipokuwa na haja, kisha njia ikawa nyembamba, ikawa ya ng'ombe, ikaisha. Mbele yao mbuga ilifunguka, nyasi zimekauka rangi ya simba, na mbuni walikimbia pembeni ya gari kana kwamba wameajiriwa kulisindikiza. Cornel alisimama nyuma, ameshika fremu, anapiga kelele majina ya kila kilima ambacho ramani haikuwa nacho, na kama hakikuwa na jina alikipa. Mzee Bujiku aliongoza kwa mkono. Kushoto. Kulia kwa ule mti. Hapana, rudi. Alikosea mara kadhaa, na walizunguka, lakini hakuna aliyejali, kwa kuwa maji yalikuwepo.

Siku ya pili mchana aliinua mkono wote. Palikuwa na rundo la mawe chini ya miiba, limezama nusu ardhini. Alishuka peke yake. Baadaye alimwita Zipora alete debe, si kikombe, debe, na akalimimina lote juu ya mawe mpaka likaisha, akimweleza mdogo wake kwa Kisukuma mambo ambayo Zipora hakuyarudia kwa mtu yeyote. Kisha alijifuta uso kwa kofia, akarudi kwenye kiti chake, akasema twendeni, chemchemi haiko mbali na mimi nina njaa.

Waliliona ziwa asubuhi iliyofuata. Mwanzoni Zipora alidhani ni ukungu. Halafu Thobias alipunguza mwendo, akazima injini. Lilikuwa jeupe kuanzia miguuni pao mpaka mahali mbingu inapoanzia, maji yamerudi mbali sana, na chumvi imeganda juu ya tope kama ukoko wa ugali. Zipora alivua viatu, akakimbia. Ukoko ulivunjika chini ya nyayo zake kwa sauti kavu. Aliinama, akavunja kipande, akakiweka ulimini, na machozi yakamtoka kwa ukali wake. Serafina alimfuata na gunia, wote wawili wakicheka kama wasichana waliotoroka kazi.

Walichimba mpaka jua likawafukuza kivulini mwa gari. Huko walimkuta Cornel amekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, anachora ziwa kwa penseli juu ya ile sehemu nyeupe, na Thobias na Mzee Bujiku wanabishana. Mzee alikuwa amenyoosha kidole kuelekea ng'ambo, kwenye milima ya samawati iliyokuwa ikielea juu ya chumvi. Alisema akiwa kijana alitamani kujua nyuma ya ile milima kuna nini, ila punda hawakuweza.

"Gari hili linaweza, mzee, lakini si kwa petroli tuliyonayo," alisema Thobias. "Mwakani."

"Mwakani mwezi gani?" aliuliza Mzee Bujiku.

Cornel alikuwa tayari anageuza karatasi upande wa pili.