Umri wa Kalamu ya Shangazi

Mtu akimtafuta yule mchora ramani ofisini, wenzake walimwonyesha kiti kitupu na kumwambia asubiri kidogo, atapita. Hakuwa mvivu. Kukaa kitako tu ndiko kulikomshinda. Alichora mstari akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akachora mwingine. Nyumbani alikula amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayesubiriwa na gari nje. Tangu utotoni alikuwa kiguu na njia, na watu wakalifupisha wakamwita Kiguu, mpaka jina lake halisi likabaki kwenye vyeti tu. Jina hilo halisi lilikuwa la marehemu mchumba wa shangazi yake.

Kilichomtuliza ni kalamu za wino. Alikuwa nazo hamsini na kitu, zimelala kwenye droo zilizotandikwa kitambaa laini. Kulikuwa na za zamani, ambazo mipira yake ya kunyonya wino ilikuwa imekauka ikawa kama maganda ya vitunguu, na za kisasa zinazong'aa. Hakuziweka za maonyesho. Kila Jumapili alichagua tatu, akazijaza wino, akaandika nazo wiki nzima. Lakini raha yake kubwa ilikuwa kujua umri wao. Alitazama umbo la kifuniko, akainusa plastiki, akasoma kwa kioo cha kukuzia alama zilizogongwa kwenye nibu, ile ncha ya chuma ya kuandikia, kisha akakutajia mwaka. Akikosea, hakosei zaidi ya miwili. Mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, alisema heri mumewe anakadiria umri wa kalamu, angekuwa anakadiria wa wanawake angeshavunjwa meno.

Kalamu moja tu hakuwahi kuigusa, nayo ilikuwa ya shangazi. Ilikuwa ya kijani yenye mistari myeusi, na ilikaa ndani ya kibweta cha miwani juu ya kabati lake la nguo. Shangazi huyo, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipofariki na baba yake akawa anafanya kazi mbali. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu alizungumza na watu kama wamechelewa kipindi. Kiguu alishawahi kumwomba aitazame ile kalamu, walau dakika tano. Shangazi alimjibu kwamba ile si ya kuchezewa.

Kisa chake ukoo mzima ulikijua. Shangazi akiwa mwalimu kijana, alichumbiwa na mwalimu mwenzake, kijana mpole asiye na jamaa wa karibu. Kijana akahamishiwa shule ya mbali sana. Kabla ya kuondoka akamwachia kalamu yake. Baada ya miezi michache ikaja habari kwamba homa imemuua na ameshazikwa huko huko. Watu walijaa nyumbani kutoa pole. Mwaka uliofuata Kiguu alizaliwa, na baba yake akampa jina la marehemu ili kumfariji dada yake. Shangazi hakuolewa tena, na hakuna aliyethubutu kumgusia habari hizo.

Sasa binti yake Kiguu, mfamasia, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Shangazi akamwita Kiguu kwake, akamkabidhi kile kibweta. Alitaka binti atie sahihi kwenye kitabu cha ndoa kwa kalamu ile, lakini ilikuwa imegoma kuandika tangu zamani. Kazi ya Kiguu ilikuwa kuiosha na kuifufua. Kiguu aliipokea kwa mikono miwili, akarudi nyumbani kwa mwendo wa kukimbia.

Aliketi mezani kwake Jumamosi asubuhi na mapema. Aliiloweka sehemu ya mbele kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, na maji yakaanza kugeuka zambarau. Akapenda rangi ile. Nibu ilipolegea akaivuta taratibu, akaifuta, akaiweka chini ya kioo. Kwenye mguu wake, mahali panapofichwa na kalamu ikiwa imeungwa, palikuwa na herufi moja na tarakimu mbili. Alama za kiwanda kile alizijua kama anavyojua namba ya nyumba yake. Alizisoma. Akasafisha kioo, akazisoma tena.

Akainuka.

Mwaka ule uliogongwa pale, Kiguu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Marehemu alikuwa ameshakaa kaburini miaka kumi na miwili.

Alijiambia nibu huenda ilibadilishwa. Watu hubadilisha nibu, si ajabu. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kupeleka kalamu kwa mafundi, na ile kijani yenyewe ilimtia mashaka. Akaifunga kalamu vipande vipande ndani ya leso, akaenda kwa Mama Karatasi, mwenye duka la vifaa vya ofisi, ambaye aliweka katalogi za zamani za wauzaji kama wengine wanavyoweka picha za wajukuu. Mama Karatasi alifungua moja, akafungua nyingine, Kiguu akizunguka baina ya rafu na kaunta mpaka akaambiwa atulie asije akaangusha daftari za watu. Mwishowe mama akaweka kidole kwenye ukurasa. Rangi ile ilitoka miaka mitatu tu, na tarakimu za nibu ziliangukia katikati ya miaka hiyo.

Alirudi nyumbani roho juu juu. Akatoa sanduku la bati alimohifadhi ripoti zake za shule, zote zikiwa na sahihi ya shangazi mahali pa mzazi. Mpaka darasa la tano sahihi ilikuwa ya bluu, ya peni za kawaida. Kuanzia muhula wa pili wa darasa la sita ikageuka zambarau, na ikabaki zambarau mpaka alipomaliza.

Mkewe alimkuta amezitandaza sakafuni. Akasikiliza yote, viatu vya kazini vikiwa bado miguuni, kisha akamwambia aioshe kalamu, aijaze wino, airudishe, na afunge mdomo. Kama shangazi alitaka kalamu iwe ya marehemu, ilikuwa ya marehemu. Kiguu akamwuliza yeye angejisikiaje kuitwa kwa jina la mtu, halafu asijue kama mtu huyo alikufa au hakufa. Mke akasema yeye hajawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina hilo. Jibu lilikuwa la haki, lakini halikumsaidia.

Siku tatu alihangaika nalo. Ofisini alipitisha barabara katikati ya shule kwenye ramani, msimamizi wake akamwuliza kama ana homa. Siku ya nne akaiunga kalamu, akaijaza wino mweusi, akaenda.

Shangazi aliijaribu nyuma ya bahasha. Aliandika jina lake, akaandika la binti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiguu alikuwa ameshafika mlangoni na kurudi mara mbili.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," shangazi akasema.

Akakaa ukingoni mwa kiti. "Shangazi, kalamu hii alikupa lini?"

"Nilishakwambia. Kabla hajasafiri."

"Kalamu hii ilitengenezwa mimi nikiwa darasa la tano."

Shangazi aliirudishia kifuniko chake taratibu. Kisha akafoka. Akasema hakumlea awe mpelelezi, kwamba amepewa kitu akioshe, yeye amekivua nguo. Kiguu alianza kuomba radhi, na alikuwa ameshasimama aondoke, ndipo shangazi akanyamaza ghafla, akatazama bahasha iliyokuwa mapajani mwake.

"Nilisahau kwamba wewe unazisoma umri," akasema. "Rudi ukae."

Akamweleza. Homa haikuwapo. Ilikuja barua ya mistari mitatu, kijana akisema amepata mke huko alikohamia na anaomba asamehewe. Shangazi aliisoma amesimama uani. Mama yake akatoka jikoni, akamwona uso, akauliza nani amekufa. Naye akamtaja. Basi, neno likatoka hivyo. Hakuwa amepanga. Jioni ile majirani walishafika, na kesho yake ndugu wa mbali, na kila aliyemshika mkono alifanya iwe vigumu zaidi kusema kweli. Isitoshe, alisema, kufiwa kulikuwa na heshima. Aliyefiwa huletewa chakula na kuachwa apumzike. Aliyeachwa huulizwa alikosea nini.

"Na kalamu?"

Ilikuwa miaka kumi na mitatu baadaye, kwenye semina ya walimu wakuu. Mkaguzi wa shule aliyekuja kuifungua alikuwa ni yeye, ameshaota kitambi. Walipokutana kwenye meza ya mahudhurio, peni ya shangazi ilikuwa imekauka. Mkaguzi akachomoa kalamu yake mfukoni, akampa atie sahihi.

"Akaniuliza kama nimeolewa," shangazi akasema. "Nikamwambia mimi ni mjane."

"Akasemaje?"

"Akanipa pole."

Kiguu alitaka kucheka, akakuta hawezi. Shangazi akaendelea kwamba alitia sahihi, akaitia kalamu kwenye mkoba wake, akatoka ukumbini, akapanda basi, na walioiona baadaye akawaambia aliachiwa na marehemu.

"Sikupewa, mwanangu. Niliiba. Mwalimu mkuu mzima."

Kisha Kiguu akauliza lile lililomleta. "Na jina langu?"

"Hilo ndilo lililonila miaka yote, kalamu ilikuwa kichekesho tu. Baba yako alikuja na wewe, mtoto wa siku saba, akasema sasa jina halitapotea. Alikuwa analia. Ningemwambia nini?"

"Kwa hiyo nimebeba jina la mtu aliyekukimbia."

"Mwanzoni, ndiyo. Lakini yeye kwangu alilitumia miaka miwili. Wewe umelichakaza hamsini na minne. Sasa ni lako."

Kiguu hakuridhika. Alimwambia waziwazi kwamba binti hatashika kalamu ile bila kujua, akaondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku nne hakumpigia simu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikutulia mahali pamoja: mara kwa shangazi, mara kwa mkaguzi, mara kwa wale majirani waliofika upesi mno.

Siku ya tano shangazi alikuja mwenyewe. Alimkalisha binti sebuleni, akamweleza yote, hata pale pa kuiba. Binti alisikiliza amejishika shavu.

"Na yule bwana hakuidai kalamu yake, bibi?" akauliza.

"Aliidai. Aliandika barua mbili shuleni."

"Ukafanyaje?"

"Nilimjibu kwamba imetafutwa na haikuonekana. Nilimjibu kwa kalamu ile ile."

Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka, shangazi naye akacheka, na Kiguu, aliyekuwa amesimama mlangoni akijitahidi kubaki na hasira zake, akashindwa. Binti akasema kama ingekuwa kumbukumbu ya marehemu angeiogopa kidogo. Lakini kwa kalamu iliyoibwa atatia sahihi kwa moyo mweupe.

Ikawa hivyo. Kwenye ofisi ya msajili binti alitia sahihi, mumewe akatia, na shangazi akatia kama shahidi, herufi kubwa kubwa za mwalimu. Ndugu waliokuwapo walinong'onezana kwamba marehemu angefurahi. Shangazi aliwasikia, akairudishia kalamu kifuniko chake.

Ungedhani mambo yangeishia hapo, lakini Kiguu hakuwa mtu wa kuacha swali njiani. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaenda masjala ya idara ya elimu, akataja jina la mkaguzi, ambalo pia lilikuwa jina lake, na karani akadhani anaulizia faili lake mwenyewe. Ilichukua muda kueleweshana. Aliambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi karani alikuwa na faili jembamba lililofungwa kwa uzi. Lilikuwa limefungwa miaka tisa iliyopita. Mhusika alifariki, lilisema, akiwa nyumbani, baada ya kuugua muda mfupi.

Kiguu alitembea mitaani saa nzima bila kuelekea popote. Hakujua kama afurahi kwamba sasa jina lake ni la marehemu kweli, au ahuzunike kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona. Mwishowe miguu ikampeleka kwa shangazi.

Alimkuta anachambua mchele mezani. Alimwambia alikotoka na alichokikuta. Shangazi aliendelea kuchambua kidogo, kisha mkono ukasimama.

"Ilikuwa mwezi gani?"

Kiguu akamtajia.

Shangazi alisawazisha mchele kwenye sinia kwa kiganja. Hakuna jirani aliyekuja, wala mtu aliyejua kwamba palikuwa na la kujia. Kiguu alivuta kiti, akaketi karibu naye, akamshika mkono.

"Pole, shangazi."

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nimeshapoa."

Lakini hakuutoa mkono wake. Baadaye akamwuliza kama amekula, akachukua sinia lake la mchele, akaenda jikoni.