Karafuu za Eda

Barua ilikuwa na mistari minne, na Kazija aliisoma mara tano, labda mara ya tano ingeona haya ikabadilika. Haikubadilika. Mfuko wa fidia za wachumaji karafuu ulisikitika kumjulisha kwamba dai lake la posho ya ulemavu limekataliwa, kwa kuwa siku alipoanguka hakuwa mchumaji bali msaidizi asiye na malipo. Kama hakuridhika, ana siku thelathini za kukata rufaa Mahakama Kuu.

"Niridhike!" aliiambia barua. "Nina chuma kwenye nyonga, halafu niridhike! Ebo!"

Maana huyu Kazija binti Pandu si mtu wa kuambiwa hakuwa mchumaji. Kijiji chao kiko ndani huko Pemba, ukishaiacha Mtambile ukashika njia ya mashamba, na hakuna asiyejua kuwa yeye ndiye mwanamke pekee aliyekuwa akipanda mkarafuu mpaka kileleni, suruali ya marehemu mumewe kaivaa ndani ya kanga. Mwaka wa kwanza wanaume walimcheka. Mwaka wa pili walikuwa wakimwita kwenye miti iliyowashinda wao. Sasa ana miaka arobaini na sita, anatembea kwa magongo mawili, na daktari kamwambia nyonga hiyo haitarudi ilivyokuwa.

Kaka yake Hamad, aliyeko Unguja, alikuwa akipiga simu kila wiki: hamia kwangu, chumba cha uani ki wazi. Hamad ana roho nzuri, hilo halina ubishi. Lakini chumba cha uani kwa watu ni chumba cha uani kwa watu: ukila unashukuru, ukikohoa unaomba radhi. Posho ile ya kila mwezi ndiyo ingembakisha Kazija kwenye nyumba yake, na jiko lake na ufunguo wake. Bila posho, mwisho wa mwaka angepanda boti. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, wala tusiyazungushe.

Siku ya nne baada ya barua alikuwa mjini Chake, mbele ya wakili Yumna, msichana mwenye miwani mikubwa anayewatetea bure wasio na uwezo. Yumna aliisoma barua mara moja tu, kisha akafungua nakala ya fomu ya dai.

"Bi Kazija, hapa umeulizwa ulikuwa ukilipwa nini. Umejibu, silipwi, namsaidia jirani. Sahihi ni yako?"

"Yangu."

"Na ni kweli?"

Kazija akanyamaza. Kazija kunyamaza! Yumna hakumjua, ndiyo maana hakushtuka.

Sasa hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwao hawezi kulielewa. Kazija alianguka kwenye mkarafuu wa jirani yake, Bi Shadya, ambaye mumewe alifariki msimu wa karafuu umeshaanza. Bi Shadya akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na karafuu hazingoji eda ya mtu. Zikishafunguka maua, zimeharibika. Kijijini kwao, karafuu za mwanamke aliye edani huchumwa na majirani, na malipo hayatajwi. Ukiyataja umemtusi mfiwa. Lakini jioni ukirudi kwako unakuta mlangoni kikapu kimefunikwa jani la mgomba, na ndani mna karafuu mbichi, kipimo kile kile apewacho mchumaji yeyote kwa kazi ya siku. Hukuona nani kakileta, wala huulizi. Unazianika, unaziuza, unanyamaza.

Basi siku afisa wa Mfuko alipokwenda na fomu yake hospitali, Kazija alikuwa kalala mguu umetundikwa, na kitanda kimezungukwa na watu wa kwao waliokuja kumtazama. Msellem, mkuu wa wachumaji, kasimama pale kichwani. Afisa akauliza kwa sauti, ulikuwa ukilipwa nini?

"Ningejibu nini, mwanangu?" alimwambia Yumna. "Watu wamejaa!"

"Kwa hiyo ulilipwa."

"Sikusema hivyo."

"Bi Kazija, sasa hivi umesema."

"Nimesema kikapu."

Yumna akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamweleza taratibu kwamba sheria inamlinda mchumaji anayelipwa, na malipo si lazima yawe fedha. Kikapu kinatosha, ila awepo wa kusema kimetoka kwa nani. Mfuko haukuwahi kumwita shahidi hata mmoja, kwa hiyo atamwomba jaji ruhusa ya kuleta ushahidi mpya. "Nenda kazungumze na Bi Shadya," alisema. "Yeye akikubali, tuna kesi. Asipokubali, tuna maneno yako peke yako, na maneno yako ndiyo haya hapa kwenye fomu."

Habari ilifika kijijini kabla yake. Baada ya sala ya Alasiri Msellem alikuja, akaketi barazani bila kuvua kofia.

"Yakhe Kazija, ni kweli unakwenda kusema tulilipwa?"

"Kwani hatukulipwa?"

"Tulilipwa kutoka wapi?" Msellem aliinama karibu. "Marehemu kaacha watoto wanne, mayatima. Mirathi ilikuwa haijagawiwa. Vile vikapu ni mali ya nani? Ukisimama mbele ya jaji ukasema tulilipwa, umesema kijiji kizima tumekula mali ya yatima. Na weye umo."

Akaondoka bila kunywa maji aliyoletewa. Kazija alibaki pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke aliogopa, akaogopa kweli. Hilo hakuwahi kulifikiria. Alikuwa kala vikapu kumi na moja kabla ya kuanguka. Mali ya yatima si jambo la kuchezea, na siku mbili zile akawa akivihesabu upya vikapu vile.

Siku ya tatu akachukua magongo yake mpaka kwa Bi Shadya, ambaye eda yake ilishakwisha muda mrefu. Bi Shadya ni mwanamke wa maneno machache. Ukimpa salamu anakurudishia ile ile, hana nyongeza. Alikuwa uani akisuka ukili.

"Bi Shadya, nimekuja na neno zito, uniwie radhi. Vile vikapu vya msimu ule vilitoka kwako?"

"Vikapu gani?"

"Vya karafuu. Vilivyofunikwa."

Bi Shadya aliendelea kusuka. "Kesi yako lini?"

"Tarehe kumi na mbili, Jumatatu."

"Mungu akupe kheri." Kisha akaita ndani, "Asya, mletee mama yako Kazija kahawa."

Kazija aliinywa, akashukuru, akatoka na hasira zake zote. Nimefuata shahidi, nimepewa kahawa! Alikuwa akisema peke yake njia nzima, gongo hili mbele, gongo lile mbele, hata kuku wakawa wanampisha. Lakini alipofika kwake, hasira ilikuwa imeshamsaidia kuamua. Kama ile ni dhambi, basi keshaila. Kuificha hakutaipunguza hata chembe. Angekwenda mahakamani akaseme kweli, peke yake, na aliyelipwa kikapu akikasirika na akasirike.

Jumatatu Msellem na wenzake wanne walikuwepo, wamejipanga benchi la nyuma. Kazija aliomba akae badala ya kusimama, jaji akamruhusu. Yumna akamwuliza swali moja tu, ulilipwa au hukulipwa, na Kazija akajibu bila kupepesa macho, "Nililipwa, Mheshimiwa. Karafuu mbichi, kila jioni, kipimo cha mchumaji."

Benchi la nyuma likasikika likisogea. Wakili wa Mfuko, mwanamume mwenye sauti ya upole, akainuka.

"Bi Kazija, kwenye fomu umesema hukulipwa. Ulidanganya?"

"Nilistahi."

"Na mahakama itajuaje kama leo hustahi?"

"Wale walioko nyuma yangu ni majirani zangu, baba. Ningekuwa nastahi, nisingefungua mdomo wao wakiwapo."

Hata jaji alikaza midomo asicheke. Lakini wakili hakuwa mjinga. Akauliza, ni nani basi aliyekulipa, ulimwona? Kazija akasema hakumwona. Ulimsikia akikiri? Hakumsikia. Kwa hiyo huna shahidi yeyote wa kikapu hicho? Kazija alikuwa akitafuta namna ya kusema hapana, na ndipo mlangoni ikasikika sauti ya mwanamke.

"Hodi!"

Mahakama Kuu, jamani, mtu anapiga hodi! Karani akaruka kwenda kumnyamazisha, lakini Yumna alikuwa keshasimama. "Mheshimiwa, kama huyo ni Bi Shadya, yeye ndiye shahidi niliyemwombea ruhusa."

Alikuwa ni yeye, kwenye baibui lake jeusi, na mkononi kashika bahasha. Wakamwapisha kwa msahafu. Akaitazama mikono yake kidogo, kisha akasema, "Vikapu ni vyangu. Kila aliyepanda mti wangu nilimlipa, na Kazija nilimlipa mpaka siku moja kabla hajaanguka. Cha siku ile kilikuwa tayari, wakaja kuniambia yuko hospitali."

"Ulilipa kwa mali gani, mama?" aliuliza wakili wa Mfuko. "Mirathi ilikuwa haijagawiwa."

"Kwa thumuni yangu." Akaitoa karatasi kwenye bahasha. "Mke aliyeachiwa watoto ana fungu lake, moja katika manane. Kabla hata jirani wa kwanza hajapanda mti nilimtuma mjomba wangu kwa kadhi, ikaandikwa kuwa kila kikapu kitakatwa kwenye fungu langu mimi. Mirathi ilipogawiwa, kikakatwa. Wanangu hawakupungukiwa hata kikonyo kimoja." Kisha akageuka, akalitazama benchi la nyuma moja kwa moja. "Wala hapana aliyeniuliza."

Msellem aliinamisha kichwa. Halali! Kazija alikula halali, vikapu vyote kumi na moja!

"Kwa nini ulifanya siri?" aliuliza jaji.

"Ningewapa mkononi wangekataa, Mheshimiwa. Na mimi sikutaka mtu apande mti wangu bure. Mti ule unaua."

"Na Bi Kazija alipokuja kwako kukuuliza?"

Bi Shadya alionekana kushangaa kuulizwa jambo la wazi namna ile. "Nyumbani kwangu hayasemwi," alisema. "Hapa nimeapishwa."

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Maneno mengi yalikuwa ya kisheria na Kazija hakuyafuata yote, lakini moja alilisikia vizuri kabisa, pale jaji aliposema kwamba Kazija binti Pandu, siku aliyoanguka, alikuwa mchumaji mwenye malipo, na kwamba Mfuko umlipe posho yake tangu siku hiyo. Mchumaji. Alilia pale pale kwenye benchi, wala hakujifunika uso. Hospitali hakulia, na siku ya barua hakulia. Alipotoka nje akampigia Hamad: "Kaka, chumba chako kipangishe." Hamad akacheka mpaka simu ikakatika.

Siku ya pili asubuhi Msellem alisimama kizingitini kwake. Hakuketi. Alikuwa kashika mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

"Kama umekuja kuomba radhi, Bi Shadya ndiye wa kuombwa," alisema Kazija.

"Nimeshatoka kwake." Akamnyooshea karatasi. "Hii ya Ridha."

Ridha ni mdogo wake Msellem. Alianguka mwaka juzi kwenye shamba la mwanamke mwingine aliyekuwa edani, na tangu hapo hakuinuka. Mama yao ndiye anayemlisha. Watu wote walijua hivyo, na walijua kuwa Mfuko haukumlipa kitu, wakadhani ndiyo bahati yake. Kazija akaikunjua karatasi. Mistari minne. Msaidizi asiye na malipo.

"Msellem! Miaka miwili umekaa na hii?"

"Fomu nilimjazia miye. Afisa alimwuliza yeye, nikajibu miye. Ungeshinda weye, ingejulikana kuwa na Ridha angeshinda, kama si miye. Ndiyo maana nilikuwa sitaki ushinde, Kazija. Mayatima kilikuwa kisingizio tu."

Kazija alikuwa na maneno ya kumwambia mtu huyu, ya mwezi mzima, na yote yalimfika mdomoni. Akamtazama alivyosimama, bonge la mtu na mfuko wake wa plastiki, akayarudisha. Hasira haikuisha, ila ilikosa wa kumwangukia.

"Siku thelathini zimepita zamani," alisema Msellem.

"Nnaona. Kuna ombi la kuongezewa muda, Yumna kanielezea. Lakini jaji atataka kujua kwa nini mmechelewa, na wa kumwambia ni weye. Mbele ya watu. Utaweza?"

"Ntaweza."

"Basi nipe magongo."

Wakaenda pamoja, taratibu, Msellem akipunguza hatua zake zilingane na za Kazija. Ridha alikuwa kalala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, ndevu zimenyolewa vizuri na mama yake. Kazija aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwamkia, akamwuliza hali, kisha akamwuliza lile ambalo hapana aliyewahi kumwachia alijibu mwenyewe.

"Ridha, siku ile ulikuwa ukilipwa?"

Ridha alimtazama kaka yake, na Msellem akamwashiria aseme mwenyewe.

"Nilikuwa nikilipwa," alisema Ridha. "Nilitaka kusema tangu siku ile."