Mashine ya Mayai ya Bu Ngatinah

Kwa juma zima redio ya kijiji, niliyokabidhiwa kuisikiliza ili nipate maonyo ya tope la volkano kutoka kituo cha juu mlimani, ilikwaruza kama tempe, vipande vya soya, ndani ya mafuta ya moto. Nilizunguka nayo mtaani hadi ukutani kwa jirani yetu mzee Bu, yaani Mama, Ngatinah. Pale ikapiga kelele kabisa. Ilikuwa mashine yake ya kutotolesha mayai. Kila ilipojiwasha kuyapasha joto, sikusikia neno redioni.

Sikumwambia. Kwetu humwambii mkubwa wako kwamba chake kinakusumbua, unazunguka kwa maneno.

"Bu, redio inachafuka siku hizi, sijui kwa nini."

"Imezeeka, Nduk, binti yangu, kama mimi."

Tukacheka. Ikaishia hapo.

Jumanne sikusikia vizuri, nikabahatisha, nikawatangazia wachimba mchanga kwa kipaza sauti cha msikiti wapande kutoka mtoni. Tope halikuja. "Wening anaogopa mawingu!" walinicheka. "Siku nyingine tuambie kituo cha juu kimesema nini, la sivyo hatutoki."

Alhamisi alasiri wingu jeusi likafunika kilele cha volkano yetu, Merapi. Baba na mchimbaji mwenzake, Pak, yaani Bwana, Jarwo walikuwa mtoni. Baridi ikaingia, mashine ikazidi kujiwasha.

"...tope... krrr... dakika... krrr..."

Dakika ngapi? Nikakimbilia kwa Bu Ngatinah, redio mkononi.

"Kaa kwanza, Nduk. Chai hii hapa."

Nikakaa. Mungu anisamehe, nilikaa, nikanywa, nikauliza habari za wajukuu. Ngurumo ikapiga mlimani.

"Bu, zima mashine! Inaifunika redio, na Baba yuko mtoni!"

Akachomoa waya papo hapo. Redio ikatakata: "Narudia, tope limepita daraja la juu. Dakika nane."

Nilitangaza neno kwa neno. Safari hii walipanda. Baba alifika juu akiwa amembeba Pak Jarwo mgongoni: jiwe la kwanza lililosukumwa na tope lilikuwa limemvunja mguu ukingoni kabisa.

Bu Ngatinah alikuja ameyafunga mayai tumboni kwa kitambaa, yasipoe. "Ulijua tangu lini?"

"Juma zima, Bu. Niliona haya."

"Haya!" Machozi yakamtoka. "Mimi ningeyakumbatia hivi hivi juma zima. Ungesema tu, mwanangu."

Kesho yake nilikwenda kwa Pak Jarwo, nikamweleza yote. Aliutazama mguu wake.

"Hiyo chai," akauliza, "ilichukua dakika ngapi?"

"Tano, Pak."

Akafumba macho. Sikuondoka.