Gari la Mbao za Mlango

Niliambiwa kwamba mlango wangu umebadilishwa kwa gari bovu nikiwa napeta mchele. Niliuweka ungo chini, nikajifunga leso vizuri, nikaenda uani kumtafuta mume wangu nimuulize kama ana akili timamu.

Mume wangu Kamaludin alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Nusu ya watu wa Mji wa Kale walikuwa wakiingia majumbani mwao kwa kazi ya mikono yake, na sisi watu wake tukiingia kwa ubao mtupu usio na hata ua moja. Tangu anipose aliniahidi mlango. Mwaka ule hatimaye aliuanza, wa msaji mtupu, na nakshi ya mnyororo imezunguka fremu yote, nami nikawatangazia majirani. Kisha akaenda kumpa Taha.

Taha alikuwa mfanyabiashara wa mbata mwenye ghala nyuma ya Ndia Kuu. Ndani ya ghala hilo, chini ya magunia, lilikuwa limelala gari la reli lililoachwa na Mzungu aliyerudi kwao. Zama hizo kisiwa kilikuwa na reli nyembamba kutoka Ndia Kuu hadi Kilindini, na matawi mafupi yakiingia hadi kwenye kumbi za nyumba nyingi za njiani, na juu yake vikipita vigari vyenye benchi na paa, vinasukumwa na watu wawili kwa nyuma. Wakubwa wa serikali walikuwa na vyao, na matajiri vyao. Fundi wa milango kuwa na chake lilikuwa jambo la kuchekesha baraza nzima.

"Nambie tu kwa nini," nilimwambia Kamaludin, "nami nitanyamaza."

Sikuwa na nia yoyote ya kunyamaza.

"Kwa ajili ya Mama," akasema.

Nikanyamaza kweli.

Mavyaa wangu, Bi Saadia, mamake Kamaludin, miguu ilikuwa imemkataa. Alikuwa akiketi dirishani ghorofani, akijua habari za mji kuliko sisi tunaotembea, lakini kutoka nje hatoki. Katika ukoo wao mwari havishwi furungu la fedha mguuni ila na mkono wa mwanamke mkubwa wa ukoo, na mkubwa alikuwa yeye. Harusi iliyopita ilifanyika kwa mdogo wake, Bi Mona, kule Liwatoni, upande wa Kilindini. Tulitaka kumpeleka kwa kitanda, vijana wanne wabebe. Alitutazama mpaka tukaona haya.

"Kitandani hubebwa maiti," alisema, "na mimi siyafa."

Tukasema tuazime gari kwa tajiri mmoja jirani. "Cha kuazima sikikalii." Basi furungu likavishwa na mkono mwingine, na Bi Saadia akakaa dirishani siku nyingi hasemi na mtu. Sasa Mwanaesha, mjukuu wa Bi Mona, alikuwa anaolewa, na Bi Mona ameleta salamu kwamba watamngoja dada yake hadi alasiri, si zaidi. Kila mtu ndani ya nyumba alijua kwamba akiikosa na hii, mama huyu hatakuwa tena mkubwa wa mtu yeyote. Atakuwa kizee cha dirishani tu.

Kwa hiyo nilikwenda ghalani kuliona hilo gari. Ningelia, lakini Taha alikuwepo. Kuku walikuwa wametagia ndani. Sakafu ilikuwa imeliwa na mchwa hata ukiigusa inabaki unga mkononi. Magurudumu yameshikana kwa kutu, na paa lake, ambalo zamani likikunjwa kwenda nyuma na kufunguliwa kama kipepeo, lilibaki mbavu za chuma tu na matambara.

"Ukilisukuma likaenda, mimi nitavaa buibui," Taha akaniambia.

"Utapendeza," nikamjibu.

Kamaludin alilileta nyumbani vipande vipande. Magurudumu aliyazamisha katika mafuta ya sifa, yale ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, nasi tukala, tukalala na kusali katika harufu ile. Kila asubuhi alikuwa akiyagonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, huku ameyategea sikio. Siku gurudumu la kwanza lilipozunguka alinizungushia mara kadhaa nisikie, na mimi niliyekuwa bado nina hasira ya mlango nikasema, "Lakoroma." Lakini nilikuwa nimefurahi, na aliliona hilo.

Mbavu za paa alizinyoosha, akampa fundi matanga wa Liwatoni azishonee turubai nyeupe. Nikashona mapazia ya kando mwenyewe, maana mama mtu mzima hawezi kupitishwa mbele ya mabaraza ya wanaume kama bidhaa. Yote hayo yalikwenda vizuri. Kosa likaja kwenye mbao.

Gari la Mzungu lilikuwa la mbao nyepesi, na sababu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mume wangu. Fundi wa milango hajui kutengeneza kitu chepesi. Kwake yeye kitu chepesi ni kitu ambacho mwizi anaweza kukivunja. Aliweka sakafu ya mvule, akaweka benchi la msaji, akaweka egemeo nene kama kizingiti, lote limechongwa maua ya yungiyungi na mnyororo kuzunguka. Hakutumia msumari pale ambapo ulimi wa ubao na tundu lake vingeshikana vyenyewe. Lilikuwa zuri hata watu wakawa wanapita uani kwetu kwa visingizio. Mimi mwenyewe nilipolipaka mafuta ya nazi nilikuwa nikipitisha kidole kwenye yale maua, nikiona huu ndio mlango wangu, umeamua tu kutembea.

Masha na Kombe, wasukumaji aliowaajiri, walilijaribu hadi mwisho wa Ndia Kuu wakarudi wametota jasho.

"Bwana Kamaludin," Masha akasema, "hili ni gari au ni ghala? Tukikutana na la mkubwa, nani atalitoa relini?"

Hapo ndipo penye kisa. Reli ilikuwa moja, ya kwenda na ya kurudi. Magari mawili yakikutana uso kwa uso, la mdogo hutolewa: abiria hushuka, wasukumaji hulinyanyua na kuliweka kando, la mkubwa likapita. Nani mkubwa na nani mdogo hapakuwa na haja ya kuuliza.

"Tutakwenda adhuhuri," Kamaludin akasema. "Wazungu hulala adhuhuri."

Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila hakumtia mamake ndani yake. Siku ya harusi Bi Saadia alianza kuvaa asubuhi, na adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa bado anachagua vipuli. Nilimwambia tunachelewa. Akaniambia mtu aliyekaa ndani miaka yote hiyo hatoki mbio kama aliyefukuzwa. Kamaludin akamshusha ngazi kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya nyumba, milango imefungwa, akamkalisha kwenye benchi. Mimi nikaketi kando yake, paa likafunguliwa juu yetu, mapazia yakashushwa, na gari likatoka.

Nitasema ukweli: sijapata kujiona kama siku ile. Kwenye upenyo wa pazia niliona wanaume wa mabaraza wakisimama mmoja baada ya mwingine, mkono kifuani. "Masalkheri, Bi Saadia." Hawakumwona, lakini walijua. Taha alikuwa mlangoni mwa ghala lake, akajifanya anahesabu magunia. Mavyaa wangu alikuwa ameketi wima, na kila tulipopita nyumba alinitajia nani alizaliwa humo na nani aliinunua kwa nani. Gari halikutikisika hata kidogo, na kweli, uzito ule ulikuwa na raha yake.

Tukapita ofisi za serikali salama. Tukashika mteremko wa Kilindini, Kamaludin amekamata breki, na hapo, kwenye kona, likatokea gari jingine linapanda. Lilikuwa jeupe, jembamba. Wasukumaji wake walivaa kanzu fupi na mishipi myekundu, na juu yake Mzungu wa serikali amekaa peke yake na kofia yake. Yamkini naye alikuwa amechelewa kulala.

Breki ililia. Magari yakasimama yanatazamana.

"Toeni gari," akasema mmoja wa wale wenye mishipi. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa.

Masha akashika upande mmoja, Kombe wa pili, Kamaludin nyuma, wakavuta pumzi wakanyanyua. Gari halikuondoka hata upana wa ukucha. Wakajaribu tena. Nilisikia viungo vya mabega yao vikilia, na gari limetulia tuli, kama nyumba.

Mzungu akangoja. Watu wakaanza kusimama kandokando ya njia.

Kamaludin akaja kwenye pazia. Uso wake sikuwahi kuuona vile, hata siku alipomzika babake. Kulikuwa na mambo mawili tu ya kufanya, na yote mawili yalikuwa mauti. Amshushe mamake kwa mikono mbele ya halaiki, amweke vumbini kando ya reli kama gunia, na hata hapo gari lenyewe bado lisingenyanyuka. Au alisukume nyuma mlima mzima, kupita tena mabaraza yale yale yaliyosimama.

"Mama," akasema, "kosa ni langu. Nililifanya zito."

"Nikirudi leo," Bi Saadia akamjibu kwa sauti ya chini, "sitoki tena ila kwa kitanda. Na tini, hapo vumbini, sishuki."

Wakati huo huo walikuwa wanapanda mahamali kutoka Kilindini, wengi, wamebeba marobota ya nguo kwa mipiko, ile miti minene inayopita begani kwa mbele na kwa nyuma. Njia ilikuwa imezibwa na watu, nao wakasimama. Mkuu wao, mtu mfupi mwenye shingo ya ng'ombe, jina lake Kazungu, akasogea kuangalia. Hakuliangalia gari la Mzungu. Aliliangalia letu, akaweka kiganja kwenye maua ya egemeo.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu," akasema Kamaludin.

"Na mwenye kukaa ndani?"

"Mama yangu. Miguu haimchukui."

Kazungu akalizunguka gari lote, akainama akatazama chini yake, akarudi. Nilidhani atacheka. Akawageukia watu wake.

"Tueni marobota," akasema. "Mama hashuki. Pitisheni mipiko."

Mipiko ikapita chini ya sakafu ya mvule, miwili kwa urefu na mingine kwa upana, na mabega yakaingia kila ncha. Masha na Kombe wakashika. Hata mmoja wa wale wenye mishipi myekundu aliacha gari la bwana wake akaja kutia bega. Kamaludin akachukua ncha ya mbele, upande wa mamake. Kazungu akainua mkono.

"Ngoja," akasema Bi Saadia kutoka ndani. "Kamaludin, kunja paa."

"Mama," nikamnong'oneza, "wanaume wote hawa."

"Nina buibui na nina jina," akaniambia. "Nikiondolewa ndiani, nataka ionekane ni nani aliyeondolewa."

Kamaludin akakunja paa, ubavu kwa ubavu, mpaka nyuma. Jua likatuangukia. Bi Saadia akaliweka sawa buibui lake, macho tu yanaonekana, mikono juu ya mapaja, na pete zote vidoleni. Kazungu akatoa sauti moja ndefu, wenzake wakaijibu, na gari likapanda. Nilishika benchi nikijua tutamwagika. Hatukumwagika. Lilipanda sawasawa hadi usawa wa mabega, na ndani yake mavyaa wangu amekaa vile vile kama anavyokaa dirishani kwake, ila sasa mji wote uko chini yake.

Wakatusogeza kando. Gari jeupe likapita taratibu, na Mzungu, kwa jinsi tulivyokuwa juu, ilimbidi ainue uso kututazama. Akavua kofia. Sijui kama ilikuwa heshima au joto. Bi Saadia aliipokea kama heshima, akamwitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama mtu anavyomwitikia jirani mdogo.

Kisha wakaturudisha relini. Kamaludin akageuka kuwashukuru. Kazungu alikuwa tayari anainama kwenye robota lake.

Tulipofika Liwatoni alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Gari likaingizwa kwa tawi la reli mpaka ukumbini, wanaume wakatoka, na wajukuu wa kike wakamwegemeza Bi Saadia hatua zake chache hadi kwenye mkeka. Bi Mona alikuwa ameketi mbele ya bibi harusi na furungu liko mkononi mwake, amelishika kama mtu aliyeamua. Habari ilikuwa imetutangulia, kama zinavyotangulia habari zote za kisiwa kile.

"Dada," akasema Bi Mona, "nasikia leo umebebwa."

Wanawake wote wakamgeukia Bi Saadia.

"Lilobebwa ni gari," akasema Bi Saadia. "Gari la mwanangu ni zito, halishushwi na watu wawili. Mimi nilikuwa nimekaa." Akanyoosha mkono. "Haya, lete furungu."

Bi Mona akampa. Mwanaesha akauweka mguu wake juu ya paja la bibi yake mkubwa, na vidole vile vilivyokuwa vikitetemeka hata kwa kikombe cha kahawa vikalifunga furungu mara moja bila kubahatisha. Nikaanza mimi vigelegele, na nyumba nzima ikapokea.

Masha alikuwa nje na Kamaludin, naye ndiye aliyenieleza. Anasema mume wangu alikuwa amesimama kando ya njia, kanzu imemchanika begani na damu kidogo inapita, anausikiliza mlango uliofungwa. Vigelegele vilipopanda aliketi pale pale juu ya reli, akavua kofia, akajifunika nayo uso kwa muda mrefu. Nimemuuliza mara nyingi. Mpaka leo anasema alikuwa anafuta jasho.