Mashine ya Marehemu Valence

Tangu amzike mwanawe, Kunegunda alikuwa na katazo moja tu nyumbani kwake pale Msamala, na katazo hilo alilivunja mwenyewe karibu kila asubuhi.

Ilianza hivi. Mwanawe Valence alikuwa amenunua kompyuta akaiweka sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa haujaona kitu kama hicho nyumbani kwa mtu. Mama yake aliiogopa. Akitaka kwenda chumbani alizunguka nyuma ya makochi, kama mtu anayempisha mbwa asiyemjua. Valence, ambaye tangu utoto wake alikuwa mtu wa masihara, akachukua kipaza sauti kidogo, akajirekodi, akaifundisha mashine imsalimie mama yake kila inapoamka. Ukibonyeza kitufe inavuma kidogo, kioo kinapata mwanga, halafu kwenye spika unasikia: "Shikamoo mama. Umeamkaje? Haya, tuanze kazi." Mara ya kwanza Kunegunda aliitikia marahaba, na nyumba nzima ikacheka hadi machozi.

Halafu Valence akaugua, akafa.

Wafiwa hawajatawanyika bado, mkewe Violeth aliwasha mashine achape ratiba ya misa. Hakukumbuka. Sauti ya marehemu ikajaa sebuleni kati ya watu waliokaa chini kwenye mikeka, ikamwamkia mama yake. Kilio kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa kuliko cha makaburini. Kunegunda ndipo aliposema, mbele ya ukoo, kwamba sauti ile isisikike tena humu ndani mpaka misa ya mwaka ipite. Marehemu asiitwe-itwe, aachwe apumzike. Wazee wakasema mama amenena. Violeth akazichomoa spika, akaziweka juu ya kabati, na toka siku hiyo akawa anafanya kazi yake kimya.

Kazi yenyewe ndiyo iliyowalisha. Violeth alichapa kadi za harusi, barua za kuombea kazi, mitihani ya majaribio ya walimu. Binti yao Noela na mdogo wake walivaa na kusoma kwa vidole vya mama yao.

Sasa Kunegunda. Miezi ya mwanzo alivumilia. Lakini uchungu wa mwana hausikii katazo, hata lako mwenyewe. Asubuhi moja Violeth alipochukua ndoo kwenda kisimani, mama mkwe alipanda kwenye stuli, akashusha spika, akachomeka waya kwenye tundu alilomwona Violeth akilitumia. Akazifunika kwa khanga ili sauti isifike kwa majirani. Akabonyeza. Mwanawe akamwamkia.

Kuzima hakukumpa shida. Miaka ile umeme wetu ulikuwa wa majenereta na wa mgawo, na kila mtu alijua kwamba kitu usichokitumia unakizima ukutani, maana umeme ukirudi kwa kishindo huunguza. Redio alizima ukutani, pasi alizima ukutani. Basi na mashine aliizima hivyo hivyo, akarudisha spika juu ya kabati, akaenda kupembua maharage. Aliona hata anaitunza.

Mashine ikaanza kuumwa. Violeth akiiwasha, inaleta kwanza ukurasa wa buluu wa kujikagua, inakaa hapo wee. Kazi aliyoiacha salama anaikuta imekatika katikati. Kadi za harusi ya watu zilichelewa, ikawa maneno. Na flopi za maofisini, vile vibao vya plastiki vya kubebea kazi, nazo zilikuwa zimeanza kukataa kufunguka, kwa sababu wenye ofisi walikuwa wamekwisha kuhamia Windows mpya na yeye bado yuko na ile ya tisini na tano.

Kunegunda hakujua kwamba yeye ndiye ugonjwa. Si mwanzoni. Lakini siku moja alimsikia Violeth akimweleza mteja kwamba mashine hii haizimwi kama taa. Kwanza unaiaga, unabonyeza hapa na hapa, unasubiri yenyewe ikuruhusu, ndipo unazima. Ukiikata ghafla unaiumiza ndani. Kunegunda alikuwa mlangoni na ungo wake. Alisikia vizuri. Kesho yake aliwasha tena, na kwa kuwa kuaga hakujui, akazima ukutani.

Hapo ndipo kosa lilipogeuka dhambi. Kwenye jumuiya, baada ya rozari, Imaculata ambaye ni mwenyekiti wao aliuliza kwa upole habari za mashine ya marehemu, mbona watu wanalalamika. Kunegunda angeweza kunyamaza. Akasema, mbele ya akina mama wote, kwamba vijana wa siku hizi hawajui kutunza kitu cha mtu. Wakaguna kwa kumhurumia. Akarudi nyumbani na mkwewe akampokea, akamwekea maji ya kunawa, na uji ulikuwa tayari.

Maneno hutembea. Yakamfikia Kajetani kule Mshangano, mdogo wake marehemu mume wa Kunegunda, ambaye sasa ndiye aliyesimama kama baba wa nyumba ile. Jumapili moja baada ya misa ya pili akaja, akaja na fundi Chande kutoka mjini, mtu mrefu mwenye kofia ya kiua na begi la bisibisi.

Chande alisalimia, akapewa kiti, akaikagua mashine kwa muda. Kisha akaeleza kwamba dawa ni moja, kufuta kila kitu kilichomo na kuweka Windows mpya, ya tisini na nane. Itapona, na flopi za maofisini itazifungua. Barua na kazi za wateja atazihamisha kwanza kwenye flopi, lakini kitu chochote ambacho hatatajiwa kitafutika. Akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba wakiiweka mpya na tabia ikawa ile ile, watamwita tena.

"Tabia gani?" Kajetani akauliza.

"Kuna mtu anaizima ukutani, mzee. Si mara moja."

Kajetani akamgeukia Violeth. Violeth alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, ameangalia chini, anakunja na kukunjua ncha ya khanga.

Kajetani hakufoka. Alisema polepole, na ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa polepole. Alisema mashine ile ni jasho la mtoto wa kaka yake. Aliyekabidhiwa ameshindwa. Hakuna maana ya kuweka dawa mpya kwenye mikono ile ile, kwa hiyo iende Mshangano, kijana wake Tadei anamaliza sekondari, ataitunza.

Kunegunda aliona mambo mawili kwa pamoja. Ikifutwa, sauti imekwenda. Ikihama, sauti imehama. Akashika alichozoea kukishika.

"Shemeji," akasema, "vitu vya marehemu havifutwi wala kubadilishwa kabla ya misa ya mwaka. Tulisema hapa hapa."

"Umesema kweli," Kajetani akajibu. "Basi isifutwe. Ihame ilivyo, tutaifuta huko baada ya misa."

Kwa katazo lake mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango. Kunegunda akasema anakwenda kuangalia chai, akamwita Violeth wasaidiane.

Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Violeth alianza kupanga vikombe kwenye sinia, vile vya wageni. Kunegunda alimtazama, na kwa kuwa mtu mwenye kosa hutafuta hata kumlaumu aliyemkosea, akamuuliza kwa ukali kwa nini anakaa kama bubu wakati ananyang'anywa riziki ya wanawe.

Violeth akaweka kikombe chini.

"Ningesema nini, mama?"

"Ungesema si wewe."

"Wangeuliza ni nani."

Maji yakamwagikia moto, yakafanya shii. Hakuna aliyeyaangalia.

"Ulijua," Kunegunda akasema.

"Siku moja nilirudi kuchukua kata nimeisahau. Nikasikia." Violeth akajifuta uso kwa kiganja. "Toka hapo nikawa sitoki upesi. Nasimama pale dirishani na ndoo mpaka amalize kusema, ndiyo nakwenda kisimani. Na mimi nilikuwa sijamsikia, mama. Ulikataza."

Kunegunda akakaa kwenye kinu kilicholazwa, bila kukusudia. Alikuwa amefunika spika kwa khanga kuwaficha majirani, na hakuwahi hata siku moja kumfikiria huyu. Alimwona mke wa mwanawe amesimama nje kwenye umande, anaiba kwa sikio mabaki ya kitu kilichokuwa chake, halafu anaingia ndani kufuta ukurasa wa buluu na kutukanwa na wateja. Alitamani Violeth apige kelele, amwite mchawi. Violeth aliinama akapunguza kuni.

Chai haikupelekwa. Kunegunda alirudi sebuleni mikono mitupu, akasimama mbele ya shemeji yake na fundi, akasema ni yeye. Alisema amekuwa akiiwasha kumsikiliza Valence, alisema anazima ukutani, na akasema pia lile ambalo angeweza kulimeza, kwamba alikwisha kusikia kuwa inaumia na hakuacha. Kajetani akajaribu utani wa shemeji, akasema kumbe wametega mtego wa panya wakamnasa mwenye nyumba. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Suala la Mshangano hakuligusa tena.

Chande ndiye aliyeuliza sauti yenyewe iko wapi, maana hakutajiwa. Violeth akashusha spika kutoka juu ya kabati, akazichomeka mbele za watu. Wakawasha. Ukurasa wa buluu ukaja, ukakaa, ukaondoka. "Shikamoo ma—" ikasema, ikakwama hapo, ikarudia, "ma, ma, ma," kama mtoto anayejifunza. Wiki zile za mwisho ilikuwa ikikwama hivyo, na Kunegunda alikuwa akizima na kuwasha upya ili amalize sentensi.

Fundi alijaribu kuihamisha kwenye flopi, mashine ikakataa. Akajaribu tena. Akasema mahali ilipoandikwa pameharibika, na ni kule kukatwa ghafla kulikopaharibu. Wakiiacha mashine ilivyo, labda siku nyingine itasema kidogo, na siku isiyo mbali itakufa yote. Wakiweka mpya itapona, ila sauti ndiyo basi. Wachague.

Wote wakamtazama Kunegunda, kwa mazoea.

"Msiniangalie mimi," akasema. "Muulizeni mkewe."

Violeth alisimama na waya wa spika mkononi. Alitazama kioo. Nje Noela alikuwa anaruka kamba na wenzake, wanahesabu kwa kuimba.

"Weka mpya, fundi," akasema.

Neno *ngoja* lilimjia Kunegunda hadi kwenye meno. Akalizuia. Chande akafungua begi lake, akatoa kisahani kinachong'aa, na Violeth akavuta stuli akakaa pembeni yake kuanza kumtajia kazi za wateja, moja baada ya nyingine.

Kunegunda akajifunga khanga ya pili, akatoka. Kajetani akamuuliza anakwenda wapi na wageni wapo, akasema anarudi. Nyumba ya Imaculata ni ng'ambo ya barabara, ukipita kwenye migomba. Njiani aliomba amkute peke yake. Hakumkuta peke yake. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa uani wanapukuchua mahindi, wale wale, wakamkaribisha kwa furaha, mmoja akasogea ampe nafasi kwenye mkeka.

"Karibu dada," Imaculata akasema. "Vipi, mkweo na ile mashine?"

Kunegunda hakukaa. Jua lilikuwa usoni mwake, na mahindi yakaacha kupukuchuliwa kidogo kidogo, mkono mmoja baada ya mwingine, walipoona anasimama tu.

"Hilo ndilo lililonileta," akasema.