Mke Wetu Anafunga

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za fotokopi. Siku aliyoondoka alitoka nyumbani saa moja asubuhi, begi la spana begani na kipande cha mkate mkononi, akasema angechelewa kidogo kwa sababu kuna mashine ya ofisi ya bima inameza karatasi. Saa tano nikapigiwa simu na sauti nisiyoijua. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Moyo. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilipofika hospitali vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa wino. Niliomba wasivioshe. Waliviosha.

Nayaandika haya nisije nikasahau. Watu wakiniuliza mtoto alizaliwaje, nikianza kusimulia wanacheka kabla sijafika katikati, na mimi nacheka nao. Naogopa siku moja nitabaki na kicheko peke yake.

Ndugu za mume wangu waliunda kamati ya mazishi siku ileile. Iliongozwa na kaka yake mkubwa, ambaye sote tunamwita Mwenyekiti. Si mwenyekiti wa chochote, ila akikaa na watu wawili lazima afungue kikao, na wakitimia watatu anateua katibu. Alianzisha kundi kwenye simu, akaliita Kamati ya Mazishi, akaweka picha ya marehemu. Sina la kulalamika. Walifanya kazi vizuri, hakuna aliyekosa kiti wala maji. Tatizo ni kwamba mazishi yalikwisha, kamati haikuisha. Mimba ilipofika miezi saba, Mwenyekiti alibadilisha jina la kundi, likawa Kamati ya Uzazi. Wajumbe walewale, picha ileile. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Ndugu wajumbe, tunaendelea tulipoishia."

Wiki mbili baadaye daktari aliniambia kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto.

"Uchungu ukianza wenyewe utatoka damu nyingi," alisema. "Kwa hiyo hatuungoji. Ukifika wiki ya thelathini na saba tunakupasua, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Lakini nataka watu wawili wawe wamechangia damu kabla ya Jumatano saa kumi na moja jioni. Benki yetu haina kitu. Damu isipokuwepo nitalazimika kukusogeza mbele, na kila siku ninayokusogeza mbele mimi silali."

Kwetu nilizaliwa peke yangu, na wazazi walishatangulia. Damu ilibidi itoke kwa mashemeji. Nikaandika kwenye kundi, kwa adabu zote.

Mwenyekiti alijibu kwamba taarifa imepokelewa, ila Alhamisi wajumbe wengi wako kazini. "Kwa kuwa mtoto anazaliwa kwa miadi," aliandika, "ni busara miadi izingatie ratiba za wote. Napendekeza Jumamosi." Mjumbe mwingine akauliza kama saa mbili ni saa mbili kweli, au ni kama ile ya mazishi. Likafuata suala la nani atasimama mlango gani. Mwisho ikateuliwa kamati ndogo ya damu, yenye watu wawili: Mwenyekiti mwenyewe na binamu yake, mwalimu wa mazoezi mwenye kifua kama kabati. Wifi yangu, dada wa marehemu, fundi cherehani, alisema yeye yuko tayari kuchangia hata kesho. Akaambiwa ni mwembamba mno, abaki na jukumu la nguo za mtoto.

Baada ya hapo nililizima sauti lile kundi. Nilihitaji usingizi.

Jumatatu ya wiki yenyewe nilikwenda kliniki kuelezwa mambo ya kutarajia. Nilisindikizwa na shangazi wa marehemu, ambaye tunamwita Redio, na sidhani kama nina haja ya kueleza kwa nini. Yeye alibaki nje akitafuta mtandao. Muuguzi alinikalisha, akachukua karatasi, akaanza kuisoma kama anayeita majina darasani.

"Rangi ya kucha unafuta. Hereni unavua, unamwachia mtu. Utavaa gauni la hospitali, usihangaike nalo, halijawahi kumkaa mtu yeyote. Unachomwa sindano ya mgongo, miguu inakuwa mizito kama ya kuazima. Unakuwa macho. Utasikia unavutwavutwa, maumivu husikii. Ni kama mtu anatafuta funguo ndani ya begi lako wewe ukiwa umelivaa. Unawekewa mpira wa mkojo. Mtoto akitoka unaonyeshwa, ukiwa sawa unawekewa kifuani. Kesho yake tunakuamsha utembee. Utatuchukia, lakini utatembea."

"Sawa."

"Mwenzi wako atakaa upande wa kichwani, atakushika mkono." Akainua macho. "Mwenzi yupo?"

"Hapana."

"Amesafiri?"

"Amefariki."

Akafungua droo, akatoa rula na kalamu, akaipiga mstari ile sentensi, taratibu, bila kugusa ya juu wala ya chini.

"Hicho tunakiruka," alisema. Halafu sauti yake ikarudi ya darasani. "La mwisho, na hili usilifanyie mchezo. Jumatano usiku, kuanzia saa sita, unafunga. Usipofunga, Alhamisi daktari hakugusi. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Weka sahihi hapa."

Nikaweka sahihi. Redio alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua alifika saa ngapi, na nilipogeuka alikuwa ameshaondoka.

Kufunga kwa muuguzi ni kukaa bila chakula. Kufunga kwa Redio ni kile wanachofanyiwa wanawake waliokwisha kuzaa idadi yao na hawataki tena. Kabla sijafika kituo cha basi, sauti yake ilikuwa imeingia kwenye simu thelathini na moja. Mimi nilikuja kuisikia baadaye. "Ndugu zangu, kaeni chini kwanza. Mke wetu anafunga. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Jumatano usiku. Na sahihi ametia, hata kalamu haikutetemeka. Mwanetu hajamaliza mwaka kaburini, mkewe anafunga."

Binamu mwenye kifua cha kabati aliandika kwamba damu ya ukoo haiwezi kutumika kuufunga ukoo. Aliungwa mkono na wajumbe kumi na tisa. Likapitishwa azimio: hakuna damu mpaka jambo hili lifafanuliwe. Wifi peke yake ndiye aliyeuliza, "Sasa mlitaka azae tena na nani?" Katibu aliandika kwamba swali liko nje ya ajenda.

Jumanne saa kumi jioni nikasikia hodi. Waliingia Mwenyekiti, Redio, katibu na wifi. Nilidhani wameleta habari za damu. Niliwakaribisha, nikakaa kwenye kiti cha mbao, maana kwenye kochi nilikuwa siwezi tena kuinuka.

"Shemeji," Mwenyekiti alianza, "sisi si watu wa kukulaumu. Tunataka kujua tu. Ni kweli unafunga?"

"Ni kweli, shemeji."

Redio alimtazama katibu. Katibu akaandika.

"Nani amekushauri?"

"Hospitali. Si ushauri, ni lazima."

"Lazima?"

"Kila anayepasuliwa anafunga."

"Kila mmoja?" Redio aliuliza. "Hata wa mtoto wa kwanza?"

"Hata asiye na mtoto, shangazi. Hata wanaume wanafunga." Nilimgeukia Mwenyekiti, nikitafuta mfano ulio karibu. "Si hata wewe shemeji ulifunga, mwaka juzi ulipopasuliwa ngiri?"

Kalamu ya katibu ilisimama. Redio aligeuza shingo taratibu mpaka uso wake ukamwelekea Mwenyekiti wote. Ikumbukwe kwamba wakati huo Mwenyekiti alikuwa na mtoto wa miezi sita.

"Mimi?" alisema Mwenyekiti.

"Mkeo mwenyewe ndiye aliyeniambia. Alisema ulilalamika usiku kucha."

"Jamani," alisema Redio. "Na yule mdogo je?"

"Shangazi, subiri kidogo."

"Nasubiri nini, baba? Mimi nauliza tu, yule mdogo katokea wapi?"

Wifi ndiye aliyeelewa kabla yetu sote. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. "Wifi," aliniambia kwa shida, "hebu waambie. Unafunga mpaka lini?"

"Mpaka nitoke chumba cha upasuaji."

"Halafu?"

"Halafu nakunywa maji kidogo. Nikiyaweza, chai."

Nikamwona Mwenyekiti akilirudia neno lile kimoyomoyo, midomo inacheza. Wifi akaangua kicheko, katibu akafuata, na mimi, nilipoelezwa, nikacheka nikiwa nimelishika tumbo kwa mikono miwili. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu siku ya simu. Redio alisema yeye alichosikia ndicho alichosema, na hakuongeza hata herufi.

Nilidhani yamekwisha. Mwenyekiti akakohoa.

"Tumefurahi. Lakini azimio lilipitishwa kihalali. Kulitengua kunataka theluthi mbili ya wajumbe, na hapa tuko wanne. Vilevile nitahitaji barua ya hospitali inayoeleza maana ya kufunga."

"Kaka," alisema wifi, "barua ya kueleza kutokula?"

"Kwa maandishi."

Mimi si mtu wa maneno mengi. Ni karani wa shule. Kazi yangu ni kuchapa maneno ya wengine. Lakini siku hiyo nilisema. "Shemeji, kesho saa kumi na moja jioni damu isipokuwepo, sipasuliwi. Nikianza kutoka damu nikiwa peke yangu humu ndani, hamtahitaji theluthi mbili. Mtarudisha tu jina la kundi lile la kwanza."

Katibu hakuandika. Walipotoka, Redio alibaki nyuma, akaosha vikombe ambavyo havikuwa vimetumika.

Jumatano asubuhi nililazwa. Kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka dirishani. Saa tatu wifi alipita akiwa na pamba imebanwa kwenye mkono wa kushoto. Walimpima uzito, akazidi kilo mbili juu ya wanachotaka. "Mwembamba huyo ameshatoa," alisema. "Sasa tumngoje kabati."

Kabati hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana mafua. Saa sita, saa nane, saa tisa. Redio alikwenda mwenyewe maabara bila kumwambia mtu, akarudishwa kwa sababu ya umri. Alipunguza miaka kumi, wakamwomba kitambulisho. Muuguzi wa rula alipita mara mbili kunipima presha, na mara zote mbili akaangalia saa ya ukutani badala ya kuniangalia mimi. Mtoto alikuwa akicheza tumboni. Niliweka mkono pale alipokuwa akipiga teke, nikahesabu mateke ili nisihesabu dakika.

Saa kumi na robo Mwenyekiti alifika maabara. Alikuwa amevaa koti, na mkononi ana bahasha. Wifi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi pale, ndiye aliyenisimulia.

"Nimeleta barua," Mwenyekiti alimwambia mtaalamu wa maabara. "Naomba ufafanuzi wa maandishi."

"Mzee, dirisha hili ni la damu. Barua ni ghorofa ya pili, na wamefunga."

"Wamefunga nini?"

"Ofisi."

Mwenyekiti alisimama na bahasha yake. Anaogopa sindano tangu utotoni. Shuleni alikuwa anarukia dirishani siku za chanjo. Alitazama kiti kile kirefu cha kulalia, akamtazama dada yake.

"Nikitoa," aliuliza, "inaandikwa kwamba nimetoa kama nani?"

"Kama mtu mzima mwenye kilo themanini," alisema mtaalamu. "Vua koti."

Akavua koti. Alipolala, alifumba macho na kumwomba wifi amshikie bahasha. Damu ilipoanza kutoka, alimuuliza kwa sauti ndogo, "Dada, tukiivunja hii kamati, tutakuwa tunakutana kwa ajili ya nini?" Wifi akamshika mkono mpaka chupa ikajaa.

Alhamisi walinichukua saa mbili na nusu. Yote yalikuwa kama nilivyosomewa. Gauni halikunikaa. Miguu ikawa ya kuazima. Mtu alitafuta funguo ndani yangu na hakuwa na haraka. Upande wa kichwani alikaa mtaalamu wa usingizi, kijana mpole, akitazama mashine yake. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na mpira wa presha. Wa kulia ulikuwa wazi, nikaukunja.

Alitoka msichana, kilo mbili na gramu mia saba, akiwa amekasirika. Mimi nilitoka damu zaidi ya walivyotaka, sauti zikawa fupifupi, nikaona chupa nyekundu inatundikwa juu yangu. Ilikuwa na namba tu, haina jina. Wifi anasema ilikuwa yake. Mwenyekiti anasema ilikuwa yake, na amelileta kwenye kikao. Daktari alipoulizwa alisema kama isingekuwepo, mimi nisingekuwepo, na kwamba yeye hana la kuongeza.

Mtoto ana miezi mitano sasa. Jumatatu narudi kazini, na mchana atakuwa anashinda kwa wifi.